Amplifaya Imepoa, Mke Wangu Amenyamaza

Mama Akiru, assalamu aleikum. Nakuandikia nikiwa ndani ya pikapu yangu hapa Wabera, Isiolo, madirisha nimeyafunga na jasho linanitoka, kwa sababu sitaki mtu yeyote anione nikiomba ushauri, na naomba unijibu haraka maana Alhamisi ya wiki ijayo tunatakiwa Korbesa kutangaza chanjo ya mbuzi na mpaka sasa sina mtu wa kutangaza.

Mimi ni Sakariye, gari langu ni la matangazo, harusi, mikutano ya shule, chanjo, ngamia aliyepotea, yote tunatangaza sisi, na nikisema sisi nina maana mimi nashika usukani na mke wangu Barwaqo anashika maiki, maana yeye anajua Kisomali, Kiborana, Kiswahili, na Kiturkana cha kutosha kugombana, na sauti yake ikipita mtaani hata aliye bafuni anatoka na povu kichwani kuuliza kuna nini. Shida yetu ilikuwa joto. Amplifaya nilikuwa nimeiweka chini ya kiti na kuifunika kwa kipande cha zulia ili isiingie vumbi, na kila siku saa sita mchana ikifika inachemka na kuzima, mara katikati ya jina la bwana harusi, mara kabla hatujasema mkutano ni wapi, na watu wanabaki wakitutazama. Sasa, sisi madereva wa barabara ya Merti tuna dawa yetu ya joto ambayo baba zetu walituachia, unavisha jerikeni ya maji gunia, unalowesha gunia, unaining'iniza kando ya gari, na ukifika uendako unakunywa maji ya baridi. Nikasema kama inapoza maji itapoza chuma. Nikaivisha amplifaya gunia lililolowa. Mama Akiru, iliimba vizuri kama robo saa hivi, kisha ikatoa moshi, fyuzi ikakatika, na ile harusi ikaendelea kwa makofi tu.

Barwaqo hakunicheka. Alichana boksi la sabuni akachora juu yake kwa kalamu, akaniletea pale kibandani nikinywa chai na madereva wenzangu, akasema, "Baba Habsa, hiyo jerikeni inapozwa na upepo. Gunia bila upepo ni nguo tu. Na jerikeni haina umeme ndani. Toa hii kitu chini ya kiti, tupa zulia, isimamishe huku nyuma juu ya mbao, hayo meno yake ya chuma ya kutoa joto yaangalie juu na chini. Weka feni mbili za kompyuta, moja ilete hewa, ingine itoe. Na hicho kitufe cha nguvu umezungusha mpaka mwisho, rudisha nusu." Akasema pia nikwangue rangi pale waya mweusi unapofungwa kwenye bodi ya gari. Yeye alijifunza wapi mambo haya mimi sijui. Madereva walikuwa wananitazama, nikaona nitaonekana vipi, nikasema kwa sauti, "Leo mwanamke anafundisha chuma kupumua," na kibanda chote kikacheka. Barwaqo alilaza ile karatasi mezani akaondoka.

Wiki hiyo alienda kwao Kiwanjani kumuuguza mama yake, na mimi nikachukua karatasi. Niliifuata yote, mbao, feni, kitufe, waya, sikuacha hata mstari mmoja. Siku ya soko la mifugo nikaiwasha saa tatu asubuhi, nikacheza kanda za matangazo ya zamani, jua likapanda, saa sita ikapita, saa saba ikapita, ikaimba mpaka adhana ya alasiri nikaizima mwenyewe kwa heshima! Gari zingine mbili za matangazo zilikuwa zimenyamaza tangu saa sita. Waqo, dereva mwenzangu aliyecheka pale kibandani bila kusikia maelezo yenyewe, akaja akaweka mkono juu ya amplifaya akauliza, "Nani alifanya hii?" na mdomo wangu ukasema, "Mimi. Nilitumia akili."

Tangu siku hiyo mimi ni Fundi Sakariye. Nimetengenezea watu wanne amplifaya zao. Wazee wananipisha kiti. Naye Barwaqo aliporudi, mtu wa kwanza kumsalimia alikuwa Waqo, akamwambia, "Dada, mume wako ametuokoa." Hakugombana nami. Alipika, akanipa chakula, akaniita jina langu vizuri. Lakini asubuhi nilipompa maiki aliirudisha kwenye kiti. Akasema, "Fundi aongee."

Ni wiki ya tatu sasa. Nimemnunulia mtandio, akashukuru na kuufungia sandukuni. Nilimwambia tukiwa wawili jikoni kwamba najua ni kazi yake, akasema, "Na mimi najua. Kwani ni mimi sikujua?" Nimejaribu kutangaza mwenyewe, lakini Kiborana changu ni cha kununulia maziwa, watoto wanafuata gari wakicheka. Ndugu yangu mkubwa Kahin anasema mwanaume hajishushi sokoni, nivumilie tu atachoka. Mimi nimechoka kabla yake. Nyumba ni kimya, gari ni kimya, na ile sauti naikosa hata kama inaniita kula. Nitafanya nini arudi kwenye maiki bila mimi kupoteza jina langu mbele ya watu?

Sakariye, Wabera

MAMA AKIRU ANAJIBU

Sakariye, wa aleikum salaam. Fungua madirisha kwanza. Umejifungia kwenye joto ukiogopa kuonekana, na hiyo ndiyo hadithi yako yote na ya amplifaya yako.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta neno "nilikosea". Nimekuta mbao, nimekuta feni, nimekuta mtandio. Hilo neno sikuliona. Unanieleza jinsi wazee wanavyokupisha kiti, na mimi nauliza, yule mwenye kiti chake amekaa wapi? Unasema hujui mke wako alijifunza wapi. Mko na mtoto, mna kazi moja, mnakaa kiti kimoja cha gari kila siku, na hujawahi kumuuliza! Aibu, baba.

Nakuhurumia hata hivyo. Kucheka na wenzako kibandani ni kitu kidogo, kinatoka mdomoni kabla mtu hajafikiri, na uongo wa "mimi" pia ulitoka hivyo. Nimeona unavyoumia. Anayeikosa sauti ya mke wake hata ikimwita kula bado ana ndoa. Kwa hivyo usikate tamaa, lakini mambo ya mtandio uyaache. Ulimdharau mbele ya watu, ukakiri jikoni. Mizani hiyo haisimami. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki hupewa mtu pale pale aliponyang'anywa.

Nikuambie kwa nini jambo hili linanipandisha hasira. Mume wangu marehemu, Ekai, alikuwa na duka la kutengeneza redio hapa mjini, na duka hilo bado ninalo. Miaka kumi na saba nilikaa kando yake nikichomelea waya kwa sababu macho yake yalikuwa mabovu. Alikuwa mtu mwema, hakuwahi kunipiga wala kunitukana. Lakini mteja akisifu kazi, yeye alisema asante na mimi nikainama kutafuta risasi ya kuchomelea. Kibao cha duka mpaka leo kinasema "Ekai Fundi wa Redio". Alikufa bila kusema, na sasa siwezi kumuuliza kama alijua inaniuma. Wewe uko hai. Sema!

Kuhusu amplifaya, mke wako yuko sawa kwa kila kitu, na naongeza machache ya dukani kwangu. Hizo feni zitakula vumbi la barabara ya Merti, kwa hivyo zisafishe kwa brashi kila wiki, la sivyo baada ya mwezi mtarudi mlipotoka. Kama umefunga spika nne mahali pa mbili ili kelele iwe kubwa, toa mbili, maana mzigo huo ndio unaoichosha. Waya wa kutoka kwa betri uwe mnene. Egesha kivulini unaponywa chai. Ikichemka, zima muziki uache feni zizunguke, usiimwagie maji wala kuivisha chochote. Gunia liache kwa jerikeni, linajua kazi yake.

Sasa kuhusu nyumba. Siku ya soko la mifugo, egesha pale pale ulipoegesha siku ile. Barwaqo awe kwenye kiti chake. Ngoja saa sita kamili, soko likiwa limejaa, Waqo akiwepo na Kahin akiwepo. Shika maiki useme mambo matatu: kwamba kazi ile ni ya Barwaqo, kwamba wewe ulimcheka, kwamba ulisema uongo. Ongea Kiswahili chako cha kawaida, usitafute mashairi. Ukimaliza weka maiki kwenye kiti na utazame mbele. Usimwombe aishike. Anaweza kuiacha hapo mwezi mzima, na hiyo pia ni haki yake, utaenda Korbesa na Kiborana chako cha maziwa.

Unauliza jina lako litaenda wapi. Hilo la Fundi si lako, likienda usilifuate. Njia ya mwongo ni fupi, na siku moja mmoja wa wale wanne atakuja na swali ambalo halikuchorwa kwenye boksi la sabuni. Kahin naye mwambie nimesema akutafutie mtangazaji yeye.

Mama Akiru

BARUA NYINGINE, WIKI MBILI BAADAYE

Mama Akiru, salaam aleikum. Mimi ni Barwaqo, mke wa Sakariye. Sikujua alikuandikia. Nilikaa kwenye gari sokoni nikimenya chungwa, mara nasikia jina langu linatoka kwenye spika juu ya paa.

Alisema yote matatu. Amplifaya haikuzima, ilitoa kila neno lake mpaka kule kwa ngamia. Halafu Waqo akaanza kucheka, na Sakariye akafunga macho, kumbe Waqo anamcheka Kahin ambaye alikuwa anajificha nyuma ya lori la mbuzi. Maiki ilikuwa kwenye kiti. Nilimaliza chungwa langu kwanza. Kisha nikaishika nikasema, "Mimi ndiye Barwaqo. Wenye gari zinachemka wapange mstari, na yule alicheka kibandani akae mwisho." Mama, walipanga! Waqo alikaa mwisho bila kuambiwa mara mbili.

Korbesa tulienda. Nilitangaza kutoka asubuhi mpaka alasiri, Kiborana tupu, jua la kuchoma mawe, na mbuzi walitoka pande zote mpaka vumbi likaficha gari la daktari wa mifugo. Mzee mmoja anaitwa Denge alisema alinisikia kutoka ng'ambo ya lagha, ule mto mkavu, akajua hiyo sauti si ya mtu anayerudi nyuma. Jioni tulipofunga niliweka mkono juu ya chuma. Kilikuwa vuguvugu kama chai ya mtu aliyesahau.

Sakariye aliniuliza njiani nilijifunza wapi. Nilimwambia ni friji ya maziwa ya mama yangu Kiwanjani. Ilikuwa inazima kila mchana, tukaivuta mbali na ukuta, ikapona. Aliniuliza na mambo mengine mengi, mpaka tukafika Isiolo hatujamaliza. Ule mtandio nimeutoa sandukuni, unanipendeza.

Barwaqo

Barwaqo, nimeisoma barua yako dukani nikiwa nimesimama. Kisha nimetuma mtu aniletee ngazi na kopo la rangi nyeupe. Kibao cha mlangoni sasa kinasema "Ekai na Mama Akiru, Mafundi wa Redio". Herufi zangu zimepinda kidogo, lakini zinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Mama Akiru