Nimezimimina Wiski za Baba Mkwe Kwenye Chupa Moja, Naye Anazisifu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi maana sielewi tena kama nimekosa au nimepatia. Baba mkwe wangu alikuwa fundi wa injini za meli, sasa amestaafu na anaishi nasi, na kwenye kabati la sebuleni alikuwa na chupa nne za wiski, kila moja na nchi yake, zote zimebaki chini ya nusu ingawa hunywa kifuniko kimoja tu kila Jumapili, tena amefumba macho, huku akikueleza hata kama hukuuliza, kwamba ya Uskoti shayiri yake imekaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi ndiyo maana inanuka jiko la kuni, ya Ayalandi imekenekwa, yaani imegeuzwa mvuke na kupozwa, mara tatu ndiyo maana inateleza, ya Marekani ni ya mahindi na imelala kwenye pipa jipya lililounguzwa ndani ndiyo maana ina utamu, na ya Japani wenyewe walijifunza kwa Waskoti kisha wakatengeneza yao yenye upole, nami naitikia tu ndiyo baba, ndiyo baba, lakini kwangu zote ni maji ya kahawia yanayochoma koo.

Basi mzee akaenda kukaa kwa binti yake, nami nikafanya usafi, na mshauri, mimi masalio siyavumilii, mafuta ya kupikia yakibaki kidogo kidogo nayaunganisha, vipande vya sabuni navigandamiza kuwa kimoja, kwa hiyo nikazimimina zote nne kwenye chupa moja kubwa, zile tupu nikaziloweka nikabandua karatasi, na sasa ya Uskoti ina mafuta, ya Ayalandi ina sabuni ya vyombo, mbili ziko kwenye friji na maji ya kunywa. Mume wangu alishika kichwa akasema, "Mke wangu, umemmaliza mzee!"

Mzee aliporudi nikammiminia kutoka ile chupa kubwa, akanusa, akanywa, akaomba tena, yeye ambaye hajawahi kuongeza, akasema, "Tamu kweli. Mwanangu, hii ni ya nchi gani?" Tangu niolewe huniita "wewe" tu! Nikasema sijui baba, ni mpya, na mume wangu akadakia kwamba zile nne ziko stoo. Sasa wiki nzima kila akija jikoni anaishika ile chupa ya maji, anaigeuza, ananiuliza tena ni ya nchi gani, na anacheka peke yake. Jumamosi anakuja rafiki yake wa melini kuzionja zote nne. Mume wangu anataka tununue nyingine nne tuzipunguze, mimi nataka kusema, lakini nikisema si nitarudi kuwa "wewe"? Na kama nimeharibu, mbona anasifu?

Mkwe Asiyetupa Kitu

JIBU

Nimecheka, nikakasirika, nikacheka tena. Kwanza toa hiyo sabuni kwenye chupa ya Ayalandi leo hii, kabla mtu hajajimiminia.

Kuchanganya wiski si dhambi. Wako watu wanaolipwa vizuri kwa kazi hiyo hiyo, na nyingi za madukani ni mchanganyiko. Ila wao huonja kwanza, na huchanganya za kwao. Wewe umemimina za mtu bila ruhusa kama vipande vya sabuni. Mzee alikuwa anazinywa kifuniko kifuniko ili safari zake zisiishe, nawe ukaziita masalio. Hapo umekosa, usitafute pa kujificha.

Mumeo mwambie aache ujanja. Na sasa tulia, mama, unisikilize. Mtu anayetambua nchi akiwa amefumba macho, ashindwe kunusa ule moshi wa Uskoti kwenye glasi uliyompa? Anashika chupa yake mwenyewe kwenye friji, karatasi hamna lakini umbo analijua, halafu anakuuliza huku anacheka. Mzee anajua. Amejua tangu siku ya kwanza, na hilo "mwanangu" alilitamka akiwa anajua.

Kwa hiyo osha chupa zote nne, zirudishe kabatini hata kama ni tupu. Mumeo akishaenda kazini, keti na mzee, omba radhi kwa mdomo wako, bila kusingizia usafi. Kisha mwombe akufundishe kunusa, na safari hii sikiliza kweli, acha hizo ndiyo baba. Mgeni wa Jumamosi mwachie yeye amweleze.

Wiki nzima anakuuliza ni ya nchi gani. Mjibu kabla hajachoka kuuliza.