Maharage ya Bibi kwa Muuaji wa Jukwaani

Alhamisi, 12 Juni

Daftari langu, leo nasema yote, bila kuficha.

Kesho lazima nimpe Mwalimu mada ya insha kuhusu ule mchezo wa kuimba ulioletwa shuleni Jumamosi. Ndani yake mwanamke anawatilia waume zake sumu kwenye uji, anawazika shambani, na anaimba vizuri kuliko kwaya yetu ya kigango. Insha bora itasomwa siku ya mahafali. Naitaka sana nafasi hiyo.

Devota, ninayekaa naye dawati moja, ameshachukua “Uovu na Adhabu”. Mada ya maana. Mimi kila nikifikiri, namwona Bibi yangu, aliyekuja kuutazama mchezo huo.

Mume wa kwanza alipoanguka, Bibi alifanya ishara ya msalaba. Wa pili, akaanzisha rozari, na benchi zima la akina mama likaitikia. Wa tatu, akapanda jukwaani na maharage aliyotoka kununua, maana kwetu msibani huendi mikono mitupu.

“Pole, mwanangu,” akamwambia muuaji. “Umefiwa mno.”

Muuaji akasahau wimbo. “Asante, Bibi. Shikamoo.”

“Marahaba. Na huo uji usiuonje. Nadhani ndio unaowamaliza.”

Tulicheka hadi tukalia. Lakini yule dada mwigizaji alikumbatia maharage yale kama amefiwa kweli, na mimi nikaacha kucheka. Nataka kuandika “Nani Alimfariji Muuaji?” Devota anasema nitapata sifuri.

Nijibu kabla ya kengele ya asubuhi: insha kama hiyo inasomekaje mbele ya wageni, Bibi mwenyewe akiwa amekaa mbele?