Paa la Mbao la Magamba

Nyumbani, chumba cha kushonea,
Jumapili jioni.

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie. U hali gani huko ugenini? Kile kifua kimeacha kukusumbua? Kila nikipiga magoti nakutaja. Sisi hatujambo, Mungu ametushika. Shemeji yako analalamikia goti, lakini sahani anaimaliza, kwa hiyo sina wasiwasi naye.

Sasa habari za mjusi wako. Usishtuke, yupo. Ila Magamba wako alijua kukisukuma kwa kichwa kile kifuniko cha plastiki cha tangi lake. Akatoka, na shemeji yako akamkuta ndani ya kiatu cha kwendea ibada, akiwa ameshatia mguu. Aliruka kama hana goti! Akasema, "Mama watoto, nisikilize. Akitoka tena, anahamia kwa daktari wa mifugo. Nimeshaongea naye." Na kweli alikuwa ameshaongea naye.

Nami nilikuahidi kumtunza mpaka urudi. Nikaona hapa maneno hayasaidii, nimjengee paa zito la mbao, lenye mahali pa kuning'iniza taa yake ya joto.

Mbao nilizitoa kwenye kitanda kibovu cha wageni. Nikapima tangi la kioo kwa futi yangu ya kushonea, nikakata, nikapigilia, nikapiga msasa mpaka zikawa laini kama shavu la mtoto. Nilipolivika tangi, fremu ikateleza mpaka mezani kama sketi iliyokatika mpira! Kumbe mkono wangu, kwa mazoea ya nguo, uliacha nafasi ya mshono kila upande.

Jirani yetu seremala alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, mbao haina pindo!"

"Cheka umalize," nikamwambia, "halafu uniazime gundi."

Nikabandika vipande vyembamba kwa ndani ili paa likalie ukingo wa kioo. Likakaa kama kofia iliyoshuka mpaka masikioni. Lingekuwa saizi ya tangi, Magamba angelisogeza; sasa limelikumbatia kwa nje, hana pa kulipeleka. Nilimshukuru Mungu kwa kosa lile. Juu nimeweka wavu wa chuma joto lisizidi, na kijilango cha bawaba cha kupitishia chakula. Vanishi nimepaka nje tu, harufu isimdhuru.

Magamba kasukuma wee, kachoka, kalala chini ya taa. Shemeji yako alivuta kiti akamtazama. "Leo umepatikana," akamwambia. Tangu hapo akirudi kazini anaanzia kwa mjusi, mimi nasalimiwa baadaye.

Sasa toka juzi Magamba amepauka na hataki kula. Mimi nasema anajivua ngozi tu, tutaona. Leo nikamtania mume wangu, nimwite yule daktari aje kumchukua? Akaniwakia: "Nani kasema anaondoka? Kaa chini umwandikie ndugu yako, atwambie tufanye nini!" Ndiyo maana cherehani imenyamaza, naandika.

Mama anakusalimu sana, na binti yangu anasema umletee koti. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, akupe afya na riziki ya halali.

Tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote.