Ukimya wa Dunguni

Idete, Kilombero
24 Juni

Mpendwa ndugu yangu Levina,

Habari za Makambako na baridi yake? Naamini barua hii inakukuta umejifunika blanketi, mtoto yuko kifuani ananyonya, na maziwa yanatosha. Shemeji Stanislaus hajambo na kazi zake? Mama mkwe wako mfikishie shikamoo yangu. Sisi huku ni wazima. Wanangu wawili wanakusalimu. Mama yako anaendelea vizuri, hogo la plasta litakaa mguuni mpaka mwezi ujao, lakini kila asubuhi anakaa barazani anachambua mchele na kuwagombeza kuku wa jirani, kwa hiyo ujue afya imerudi.

Utashangaa kupata barua wakati tunaongea kwa simu karibu kila siku. Nimeandika kwa sababu kila nikianza kukueleza jambo hili unaniwahi na asante zako, halafu mtoto analia, nami nashukuru moyoni kwamba amelia. Mjomba Polycarp anapanda treni kesho na atakukabidhi mkononi. Ujumbe wako kwamba binti atabatizwa Emerensiana, na kwamba mimi ndiye nitakayemsimamia, niliupata. Nimeusoma mpaka nimeukariri. Sikukujibu, nawe ukadhani furaha imenizidi. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujakwenda kuandikisha jina hilo parokiani.

Nianze na zile podi za masikioni zisizo na waya ulizonipa Krismasi, ukasema zitanifariji msimu wa kuamia ndege. Levina, zilinifariji, ingawa mwanzoni tulisumbuana sana. Kwenye kikasha chake kulikuwa na vipira vya saizi tatu, nikavijaribu vyote, na ndipo nikagundua jambo ambalo kwa miaka thelathini na moja sikulijua, kwamba sikio langu la kushoto ni dogo kuliko la kulia. La kulia linatulia na kipira cha kati. La kushoto hata kile kidogo kabisa kinateleza nikicheka, nikitafuna muwa, au nikijigeuza vibaya. Siku moja ilidondoka kwenye tope la mpunga, nikaipapasa robo saa nzima kama natafuta kambale. Nikaifuta, nikaifukia kwenye debe la mchele ikauke, na ikapona.

Halafu hazitaki kuguswa. Nikirekebisha kitambaa kichwani, wimbo unakatika. Nikijikuna, simu inampigia mtu wa mwisho niliyeongea naye, ndiyo maana ulikuwa ukipokea simu zangu na kusikia kelele za ndege tu. Mzee mmoja alipita njiani akanikuta nacheka na kujibizana na mtu asiyemwona, akafanya ishara ya msalaba na kuongeza mwendo. Kikasha nilikuwa nakichaji kwa sola ndogo juu ya paa la dungu, na jioni kitaa chake cha kijani kikiwaka najisikia kama mtu mwenye ofisi.

Kazi ya kuamia unaijua, japo umeiacha siku nyingi. Mpunga ukianza kushika maziwa tunahamia shamba, na tangu jua linapochomoza mpaka linapozama ni kupiga kelele. Mama yako juu ya dungu lake, mimi jirani yake juu ya langu, katikati yetu ule mfereji. Kweleakwelea wakimjia anapaza sauti, mimi naitikia ili wasihamie kwangu, jirani wa mbele anaitikia, na sauti inakwenda shamba kwa shamba mpaka karibu na mto. Na sheria yetu unaikumbuka, kwamba asiyeitika anafuatwa. Bondeni kuna nyoka, kuna nyati, kuna homa inayomwangusha mtu mchana kweupe. Ukiita mara tatu jirani hajaitika, unashuka dunguni na kwenda kumtazama, hata kama nyuma yako ndege wanakula mpunga wako.

Wiki ya nne sauti ilinikauka na kichwa kikawa kinavuma hata nikiwa nimelala. Mchana mmoja nilikuwa nabonyezabonyeza zile podi, nikaishikilia ya kulia muda mrefu kidogo, na bonde lote likazimika. Sikuwa nimeweka wimbo wala mahubiri. Ulikuwa ule uwezo wake wa kuzuia kelele za nje, ambao ulinieleza Krismasi na mimi sikukusikiliza.

Sijui nikuelezeje. Upepo uliendelea kuuinamisha mpunga, lakini mpunga haukusema kitu. Ukungu ulikuwa unateremka kutoka Udzungwa polepole, ukajilaza juu ya mashamba, na mimi nikahisi nimejilaza pamoja nao. Nilisikia moyo wangu unavyopiga. Nilisikia mate yangu yakishuka kooni. Tangu nizaliwe sijawahi kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayeniita, maana nyumbani naitwa, kisimani naitwa, hata kanisani kuna mtu wa kunivuta kitenge aniulize jambo. Pale nilikaa nikawaza mambo ambayo hayakuwa na kazi yoyote. Nilikumbuka harufu ya daftari jipya. Nilimkumbuka marehemu baba akinyoa ndevu kwenye kioo cha pikipiki. Nilipozitoa podi masikioni nililia kidogo, si kwa huzuni, ni kama mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi mzuri.

Baada ya hapo nikawa naiba dakika tano, kisha kumi. Nilijidanganya kwamba nitatumia macho badala ya masikio, nikiwaona ndege nitapaza sauti. Kwa siku kadhaa ilifaa, na hakuna aliyejua.

Jumanne ile, yapata saa nne asubuhi, nilijilaza chali dunguni na kuzima dunia. Ndege wakaanza kupita juu yangu. Walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwaona, walijikunja na kujikunjua angani kama shuka linalokung'utwa, na hakukuwa na mlio hata mmoja. Nikawaza kwamba huenda malaika wanaiona dunia hivi, inapita bila kelele. Sikuwaza kwamba wanapita kwa sababu mimi sipigi kelele. Nilitazama, Levina. Nilifurahi. Sijui ilikuwa nusu saa au zaidi.

Kisha nikajigeuza ubavu, ile ya kushoto ikateleza, na sauti zikaingia zote kwa mkupuo. Miongoni mwake ilikuwa sauti ya mama yako, imekwaruza, inafukuza ndege. Lakini haikutoka dunguni kwake. Ilitoka chini, kwenye mfereji. Ikafukuza ndege, ikanyamaza, ikaita jina langu, ikafukuza tena.

Haya ndiyo ambayo sijakuambia. Mama hakuteleza akienda kuchota maji. Aliniita mara tatu sikuitika, akashuka aje kunitazama kama sheria inavyosema, na gogo la kuvukia mfereji likamwangusha. Nilipomfikia, mguu ulikuwa umegeukia upande usio wake. Alinishika uso kwa mikono miwili yenye tope na kuniuliza kama ni nyoka, ameniuma wapi. Nilimjibu kwamba sikuumwa na kitu. Ndipo akaiona podi iliyobaki katika sikio la kulia. Aliichomoa, akaitazama, akaniwekea kiganjani na kunifunga vidole.

Yaliyofuata ndiyo uliyosimuliwa. Nilimbeba mgongoni kwenye majaruba mpaka barabarani, na Fridolin wa bodaboda akatupeleka hospitali Ifakara, mama katikati, mimi nyuma nimeushika mguu. Fridolin alipouliza imekuwaje, mama aliwahi kujibu kwamba aliteleza akienda kuchota maji. Nami nikanyamaza. Jumapili mwenyekiti wa jumuiya alinisimamisha mbele ya watu, akanisifu kwamba siku hizi majirani wa namna yangu ni wachache, akina mama wakapiga vigelegele na kunifunga kitenge kipya. Nikanyamaza tena. Wewe uliponipigia ukilia na kuniita ndugu yako wa damu, ilikuwa mara ya tatu. Kitenge sijakivaa.

Jumamosi nilimwambia mama kwamba nitakuandikia. Alikataa. Alisema mguu ni wake, na aliyeuvunja ni gogo. Nikamjibu kwamba siwezi kusimama kanisani nimbebe mjukuu wake huku namficha binti yake. Aliendelea kuchambua mchele kwenye ungo, ndipo akaniambia jambo ambalo hata mimi sikulijua. Alisema pale mferejini hakuwa akililia mguu. Alikuwa ameita mpaka akakata tamaa, akaamini nimeshakufa juu ya dungu, akaanza kuniombea raha ya milele. Na kila alipomaliza sala moja aliwafukuza ndege, si wa shamba lake. Lake aliliacha waendelee kula. Aliwafukuza wa shamba langu, akiwaza wanangu watakula nini mwaka huu kama mama yao hayupo.

Tumevuna, Levina. Kwangu yametoka magunia kama ya mwaka jana. Kwake ni makapi mengi. Nimemletea nusu ya yangu na kuyaweka ndani bila kumuuliza, lakini hilo halifuti kitu nami sijaliandika ili linifutie.

Usijilaumu kwa zawadi yako. Haikunilazimisha kulala chali, nilipenda mwenyewe. Na kama utasema mimi si mtu wa kumsimamia mwanao, nitakuelewa, nitakuja Makambako siku ya ubatizo, nitakaa benchi la nyuma nimwombee. Nakupenda kama zamani, na naogopa sana jibu lako. Jumapili jioni nitakaa karibu na simu, na ukichelewa kupiga nitajua bado unafikiri.

Mwenyekiti na jumuiya nzima nitawaambia mwenyewe Jumapili hii baada ya misa. Wote wa Idete wanakusalimu, na mama anakuagiza umfunge mtoto kichwa vizuri wakati wa kuoga. Mbusu miguu kwa niaba yangu. Ukiamua kumpa jina langu, mfundishe mapema kuitika.

Ndimi ndugu yako,
Emerensiana