Sijafa, Mama, Nilikuwa Kwenye Filamu

Baraka, Jumanne asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Keti kwanza. Neema mdogo wangu, msomee mama polepole. Mimi mwanao Bahati ni mzima, nakula, nalala, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Habari za magoti yako nitauliza nikishamaliza hili. Najua Mama Faida, muuza samaki wa avenyu yetu hapo Kalemie, ameshakuambia kwamba nimekufa na kwamba ameliona jeneza langu. Jeneza aliliona kweli, na aliyelala ndani ni mimi. Ila nilikuwa naigiza.

Alikuja hapa bwana mmoja kutoka Bukavu, anajiita realizateri, yaani mwongoza filamu. Anavaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba, kisha anajigonga mlangoni. Kamera yake ni simu iliyofungwa kwenye mti kwa mpira wa baiskeli. Anatengeneza filamu ya kuchekesha kuhusu wezi watatu wanaoiba mota ya mtumbwi na kuificha ndani ya jeneza, ili wapite bariera ya polisi kama watu wa msiba. Bastola ni ya ubao, imepakwa rangi ya viatu, na polisi wetu wa filamu akitoka jasho mkono wote unakuwa mweusi. Polisi huyo ni mwimbaji wa kwaya, hajui hata kukasirika. Mimi niliitwa na pikipiki yangu kubeba vitu tu. Mwenye mota alipokataa kuitoa, yule bwana akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akasema mimi nitaenea vizuri ndani ya jeneza.

Sasa sikia ujinga wangu. Fundi wa misalaba aliuliza jina la marehemu. Bwana mkubwa alikuwa ameandika filamu nzima bila kumpa maiti jina. Fundi akagoma, kwake yeye msalaba usio na jina ni ubao tu. Mimi, kwa haraka zangu, nikampa langu. Akaliandika kwa herufi nzuri, na la baba pia.

Waigizaji wakaanza kulia, kilio cha aibu. Lakini watu wa huku ni kama sisi: mtu akisikia kilio haulizi nani kafa, anaingia na kulia kwanza. Muda si mrefu ua ulijaa wamama wa mtaa, na mikeka, na kuni, na sufuria za kupikia msiba. Hakuna aliyewaambia ukweli. Realizateri alikuwa anarukaruka kwa furaha, mtu mzima yule.

Mimi macho nimefumba. Ndipo nikasikia sauti ya Mama Faida, aliyekuja Baraka kununua samaki wake wa ndagala. Alikuwa ameusoma msalaba.

"Bahati, mutoto wa mwenzangu," alisema. "Mama yako mi nitamuambia nini?"

Nikataka kuamka. Yule bwana akainama, akaninong'oneza: "Usitingizike. Bamama banalia ya kweli. Hii kilio nitaipata wapi tena?"

Nikatulia, mama. Hilo ndilo linaloniuma. Nilimdharau mtu yule tangu siku ya kwanza, na bado nilimtii. Nilipoinuka, wamama wawili walikimbia, wa tatu akanipiga na mwiko, na boti ya Mama Faida ilikuwa imeshaondoka. Simu yako iko chini ya ziwa tangu mwezi uliopita, ya Neema haipatikani. Boti ya leo imejaa, kapiteni amekubali kuchukua barua tu.

Bwana mkubwa ananitaka tena, sasa niwe mzimu. Nimemwambia pikipiki imekufa. Abebe bastola zake kichwani.

Nisalimie mjomba mvuvi, na kama ameanza kuchimba kaburi aache. Nisalimie pasta wetu, na jirani Mama Sifa, ambaye nina deni la kumwomba msamaha.

Labda bado unafikiri mtu mwingine ameandika haya ili akutulize, basi sikia siri hii. Yule jogoo wa Krismasi aliyepotea, ukagombana na Mama Sifa mwaka mzima, tulimla mimi na kaka Amani nyuma ya kanisa. Tulijua wawili tu, na Amani ziwa lilimchukua. Kwa hiyo ni mimi, mama. Usinyoe nywele za msiba mara ya pili. Naja na boti ya Ijumaa, unichape kwa ajili ya jogoo.

Mwanao aliye hai,
Bahati