Kivuli cha Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 1 Desemba
Wewe utakayeliokota daftari hili, nakusihi: usimwambie mtu hata neno moja. Bosi akijua, kazi sina.

Ghorofa ya nne imekamilika. Leo asubuhi kivuli cha hoteli kimekifunika kijumba cha mwenye kiwanja, mzimu mlinzi wa ardhi hii, hadi paa. Haifai kabisa! Ardhi ni yake, sisi wapangaji tu, hatumtilii giza. Mama Lamduan, mfagiaji, alimpelekea soda nyekundu na maua kama kawaida, akarudi mbio. Maua yalinyauka kabla hajamaliza kuinama.

Jumatano, 3 Desemba
Mzee wa matambiko kapiga simu: kijumba kihamishwe, ila siku njema ni mwezi ujao. Bosi Kriangsak hataki kusikia — wageni wanaingia Jumamosi.

"Tong, mdogo wangu, utakihamisha wewe."

Nikasema mwenyewe hajaombwa ruhusa.

"Chuo kikuu umemaliza, unaogopa kibanda cha njiwa?"

Ofisi nzima ikacheka. Mama Lamduan hakucheka. Akaninong'oneza: mwanangu, ukimbeba bila kumwomba atakujua wewe, si bosi.

Alhamisi, 4 Desemba
Nimekihamisha. Kiko juani, karibu na geti. Kilikuwa chepesi mno — kama hamna mtu ndani.

Bosi kanipiga begani: "Haya, umekufa?"

Ijumaa, 5 Desemba
Nakula uji wa mchele sokoni. Jua kali kila mahali, isipokuwa mezani pangu. Muuzaji akauliza: "Kaka, umejificha nyuma ya nini?"

Nikatazama chini. Paa. Madirisha. Kivuli cha ghorofa zote nne kimelala juu ya bakuli langu.

Hoteli iko ng'ambo ya mto!

Jumamosi, 6 Desemba
Sikwenda kazini. Bosi anapiga, sipokei. Nimekaa katikati ya uwanja wa mpira wa shule, pasipo na jengo karibu.

Ukurasa huu naupiga picha, namtumia Mama Lamduan. Mama, mlete mzee wa matambiko leo hii, nakuomba. Piteni geti la nyuma. La mbele lina ukuta mrefu wenye kivuli. Msinipigie simu. Simameni juani, mniite kwa sauti, nitanyoosha mkono. Msipouona, fuateni giza nyasini mpaka —

Kivuli cha madirisha ya juu kimeshafika golini. Na jua liko utosini.