Mstari Ulioachwa na Mkono wa Baba

4 Februari

Binti yangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mzima; mama yako naye, ila miguu inamsumbua. Nawe natumaini u mzima wa mwili. Wa roho sina hakika.

Nasikia umewafundisha watoto wa shule ya Jumapili kwamba wanakili wa Maandiko walikosea: eti jicho lilitoka kwenye mstari mmoja likarukia mwingine wenye maneno yaleyale, ya katikati yakapotea. Nani alikutuma? Kiwanda cha uchapaji kilikuajiri usahihishe vitabu vya watu, si Kitabu cha Mungu. Aliyewavusha Waisraeli baharini alishindwa kushika mkono wa mnakili? Wazee wenzangu wa kanisa wanataka kukutenga, ukae benchi la mlangoni. Futa maneno yako.

Baba yako

11 Februari

Baba,

Shikamoo. Mpe mama pole ya miguu. Mimi sijambo, ila nimekasirika.

Sikusema Mungu alikosea. Mtoto aliuliza kwa nini Biblia ya bibi yake ina mstari usiokuwamo katika yake. Ningemjibuje, bibi kautunga? Kazini naona jicho likiruka kila siku, na wapangaji wetu wa kurasa ni wachaji kuliko Katibu wa wazee, anayesinzia tangu sala ya kufungua! Sifuti.

Lakini nikitengwa, mwanangu habatizwi. Ukinikasirikia mimi, usimwadhibu mjukuu wako.

Mwanao

20 Februari

Binti yangu,

Amani iwe kwako. Mama yako sasa anafika uani.

Sikubaliani nawe hata chembe. Hata hivyo nimewaandikia wazee, kisha nikanakili kwa mkono wangu. Barua ya kwanza ni hii, itunze. Nakala wanayo wao:

“Binti yangu amekosa mbele za Mungu na kanisa.
Nawasihi aonywe tu, asitengwe, mwanawe abatizwe, kwa heshima ya Mungu na kanisa.
Naukubali uamuzi wenu wowote.”

Baba yako

9 Machi

Baba,

Shikamoo. Wamenitenga.

“Baba yako mwenyewe hakukuombea,” Katibu alisema. Nikamwambia, “Muongo wewe!” Akanisukumia barua. Mwandiko wako, sahihi yako: “Binti yangu amekosa mbele za Mungu na kanisa. Naukubali uamuzi wenu wowote.”

Jicho lako lilitoka kwenye “Mungu na kanisa” ya kwanza likatua kwenye ya pili. Mkuki kwa nguruwe, Baba! Nenda ukawaambie.

Mwanao

2 Aprili

Binti yangu,

Salamu. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya hasira.

Nilikwenda. Nikasema, “Niliruka mstari.” Katibu akajibu, “Mzee wetu, si wewe uliyetufundisha tusiongeze wala tusipunguze? Imeandikwa.” Nikawaeleza kuwa unayo barua ya kwanza. Wakasema hiyo tumeitunga baadaye. Nikapiga meza hadi miwani ikaanguka. “Mnanifahamu miaka yote hii! Ningemtupa mtoto wangu?” Wakatazama karatasi, mimi hawakunitazama.

Neno la Mungu halikosei, na hilo nitakufa nalo. Ila nililokusudia lilikuwa zima moyoni mwangu hata pale mkono ulipoliacha, na yeyote anijuaye angeuliza kabla ya kuhukumu. Hao hawakuuliza.

Nimewarudishia kiti changu cha mbele. Jumapili niwekee nafasi kwenye benchi la mlangoni, nimpakate mjukuu wangu. Usinisemeshe; bado nimekukasirikia.

Baba yako